Wa Kwanza Kufundishwa Si Punda

Video ya mbio za punda wa Lamu imezunguka simu za vijana wa Ngokolo mpaka imezaa hoja: na sisi tufanye zetu. Punda tunao, viwanja tunavyo, vijana wasio na kazi ya kutosha baada ya mavuno wamejaa vijiweni, na watazamaji Shinyanga hawajawahi kukosekana. Mdhamini atatafutwa. Kilichobaki, wanasema, ni kupanga tarehe, tena iwe mwezi ujao kabla hamasa haijapoa.

Naipinga tarehe hiyo kwa nguvu zangu zote, ingawa mashindano yenyewe nayataka kuliko wengi wanaoyashabikia. Mwezi mmoja hautoshi kumwandaa punda ambaye hajawahi kuona umati wa watu, na hautoshi kabisa kumwandaa kijana ambaye hajawahi kumshika punda bila fimbo mkononi. Tukiwatupa wote wawili uwanjani hivyo hivyo, tutapata vumbi, kelele, vicheko, na pengine mguu uliovunjika. Halafu tutarudi kijiweni kusema punda wa Shinyanga hawafai.

Tuanze na hiyo video. Inaonyesha dakika chache za mbio. Haionyeshi maisha yaliyo nyuma yake. Lamu ni mji wa kale wenye vichochoro visivyopitisha gari, na ndani yake punda ndiye lori, ndiye toroli, ndiye bodaboda. Anabeba mawe ya kujengea, saruji, mchanga na maji. Wavulana unaowaona wamekaa karibu na matako ya punda, bila matandiko, wakikimbia kandokando ya bahari wakati wa sherehe za Maulidi, wamekuwa na punda hao tangu hawajajua kusoma. Wamewapeleka kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Wanajua yupi anaogopa wimbi na yupi haogopi. Mbio ni siku moja. Maandalizi yake ni utoto mzima.

Na kuna jingine ambalo video haikulionyesha. Tangu mwaka 1987 Lamu kuna kituo cha kutibu punda, na kwa miaka mingi mji huo umekuwa na zawadi nyingine isiyohusu mbio: zawadi ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wenzake. Watu hupeleka punda wao wakaguliwe mgongo, kwato na mwili, na mshindi ni mwenye mnyama mwenye afya. Kwa hiyo Lamu ina mashindano mawili, na sisi tumelipenda lile lenye vumbi. Tena hata lile lina ya kulaumiwa, fimbo ikiwa ya kwanza.

Sasa tumtazame punda wetu. Kwa miaka mingi maji ya mji huu yalisukumwa na kubururwa, na punda alibeba sehemu yake. Mwaka 2009 mradi wa KASHWASA ulipozinduliwa, maji ya Ziwa Victoria yakaja kwa bomba kutoka Ihelele, na kazi hiyo ikapungua mjini. Lakini ukitoka kidogo tu nje ya mji utamkuta punda bado anabeba madumu, kuni, tofali na magunia ya mpunga. Utamkuta amefungwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, nira inapata pa kukaa. Punda hana nundu, yeye huvuta kwa kifua. Ukimwekea nira ya ng'ombe, mti unakaa juu ya mfupa, ngozi inachubuka, kidonda kinaingia nzi, na kesho yake mti unawekwa palepale. Tunaita hiyo kazi. Na tuna methali ya kuihalalisha: punda afe, mzigo ufike.

Nimeichoka methali hiyo. Aliyeitunga hakuwa na safari ya pili. Mtu mwenye mzigo mwingine wa kesho hawezi kusema punda afe leo. Kuna na ndugu yake, asante ya punda ni mateke, ambayo watu huitumia kumlaumu mnyama kwa kukosa shukrani, kana kwamba kuna jambo alilofanyiwa la kushukuru. Ukimsogelea punda mwenye kidonda mgongoni ukiwa na mzigo mkononi, teke ndilo neno pekee alilonalo.

Methali hizi zingekuwa maneno tu kama hazikuwa na bei. Hapa hapa Shinyanga palikuwa na machinjio ya punda, kama ilivyokuwa Dodoma, na ngozi zake zilisafirishwa kwenda China, ambako huchemshwa zikatengenezwa dawa iitwayo ejiao. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Mnyama anayezaliana polepole namna hiyo hawezi kushindana na kisu. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha uchinjaji huo nchini, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Miaka 15 ni muda wa kutosha kubadili jinsi tunavyomtazama mnyama huyu, na ni muda wa kutosha pia kukaa bure tukingoja zuio liishe.

Ndiyo maana mashindano haya si mchezo mdogo. Mwenye punda anayesimama pembeni ya uwanja atajifunza kitu siku hiyo, atake asitake. Akiona mshindi ni yule aliyempiga punda wake zaidi, atarudi nyumbani na somo hilo. Akiona mshindi ni yule mwenye punda asiye na kidonda hata kimoja, aliyesimama akingoja bila kufungwa, naye ataanza kumtazama punda wake mgongoni. Mashindano ya kwanza ndiyo yatakayoweka kanuni ya mashindano yote yanayofuata. Kurekebisha baadaye ni kazi ngumu zaidi.

Hoja ya pili ni ya uzito, nayo hairuhusu maneno mengi. Punda wetu ni wadogo. Wengi wana kilo 100 hadi 150 hivi. Wanaowashughulikia wanyama wa kazi husema mnyama wa namna hii asibebeshwe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Piga hesabu mwenyewe. Theluthi ya kilo 120 ni kilo 40. Kijana wa kijiweni mwenye kilo 65 hapandi punda huyo kwa haki. Basi nani atapanda? Mtoto. Mbio za kupanda punda Shinyanga, tukizifanya kwa kumwonea huruma punda, zitakuwa mbio za watoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili, na watu wazima wakiwa pembeni wanashangilia na kubeti.

Njia hiyo inajulikana inakofikia. Katika nchi za Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na kufanya kazi, mbio za ngamia zilitafuta wepesi mpaka zikafika kwa watoto wadogo walioletwa kutoka Pakistani, Bangladeshi, Sudani na Mauritania. Wengine walianguka, wengine walinyimwa chakula ili wasiongeze uzito. Mwaka 2005 Falme za Kiarabu zilipiga marufuku kwa sheria mwenye umri chini ya miaka 18 kupanda ngamia wa mbio, zikashirikiana na UNICEF kuwarudisha watoto makwao, na roboti ndogo zikawekwa migongoni mwa ngamia. Sisemi Ngokolo ni Dubai. Nasema kwamba mchezo ukishadai mpandaji awe mwepesi, kuna mtu atamtafuta mtoto.

Kwa hiyo napendekeza tusipande. Mashindano yetu ya kwanza yawe ya kuongoza punda kwa kamba na ya kuendesha mkokoteni. Hizo ndizo kazi anazozifanya punda wa hapa kila siku, na mtu wa kilo 80 anaweza kushiriki, mama mwenye mkokoteni wa kuni anaweza kushiriki, kijana na babu yake wanaweza kushiriki pamoja.

Maandalizi je? Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana wanadhani kumwandaa punda ni kumkimbiza. Kuna mzee mmoja mwenye mkokoteni ambaye amefanya kazi na punda tangu kabla sijazaliwa. Nilipomuuliza angeanzia wapi, alitikisa kichwa. "Ng'wanawane," akaniambia, "punda mpya humfungi na mtu mpya. Mmoja wao lazima awe anaijua njia."

Maneno hayo yanatosha kuahirisha tarehe ya mwezi ujao. Vijana wengi wanaotaka kushiriki ni wapya, na punda wengi watakaoazimwa ni wapya kwa kazi hiyo. Mpya na mpya wakikutana, kila mmoja anamtia mwenzake hofu. Dawa yake ni kuwatenganisha kwanza. Punda mpya ajifunze akiwa amefungwa ubavuni mwa punda mzoefu, anayesimama akiambiwa asimame. Kijana mpya ajifunze kwa punda huyo huyo mzoefu, ambaye atamsamehe akivuta kamba vibaya. Kila mmoja akishapata mwalimu wake, ndipo wakutanishwe.

Wiki za kwanza hazina mwendo wowote wa kujivunia. Zina kamba ya kichwani isiyokwaruza, na mtu yule yule anayekuja kila siku saa ile ile. Amguse punda shingoni, mgongoni, tumboni, miguuni. Siku punda atakapokubali kuinuliwa kwato zote nne bila ugomvi, kazi imeanza. Kabla ya hapo afisa mifugo awe ameshamtazama: vidonda, minyoo, kwato na meno. Meno ni cheti cha kuzaliwa. Punda ambaye meno yake ya mbele ya kudumu hayajaota yote, jambo linalokamilika akiwa na miaka minne na nusu hivi, mifupa yake bado inakua. Huyo afundishwe kutembea na kutulia, lakini mzigo na mashindano vimsubiri.

Baadaye ndipo vije vyombo. Mkanda mpana wa kupita kifuani, uliowekewa kitambaa laini, usiobana koo. Mkokoteni mtupu kwanza, hata wiki mbili. Kisha mzigo mdogo. Kutembea, kusimama, kukaa kimya, kurudi nyuma hatua tatu. Kusimama ndiko kugumu kuliko kukimbia, na mwendeshaji asiyeweza kumsimamisha punda wake hana sababu ya kumharakisha.

Halafu kelele. Punda wa shamba hajui spika, hajui honi za bodaboda zinazopigwa kwa furaha, hajui mwavuli unaofunguka ghafla. Apelekwe pembeni ya soko siku ya utulivu, siku nyingine asogee, siku nyingine asogee tena. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama akatazama na kupima kama kuna hatari. Sisi tunaita hiyo jeuri, na hapo ndipo fimbo inaposhuka. Mnyama aliyekuwa anajiuliza kama mahali hapa pana hatari amejibiwa: ndiyo, ipo, na inatoka nyuma yako. Kuanzia siku hiyo hatasimama kwa kufikiri, atasimama kwa sababu amekukataa. Ukimpa dakika moja ya kutazama unaokoa mwezi mzima wa kugombana.

Haya yote yanadai miezi sita kwa uchache, kwa mtu asiye na haraka. Kijana atakayeyafuata atakuwa amebadilika kabla punda hajabadilika. Atakuwa amejifunza kuamka mapema na kusoma masikio, na pia kujua tofauti ya punda aliyechoka na punda mgonjwa, jambo gumu kwa sababu punda huficha maumivu mpaka yamzidi. Ndiyo sababu nasema wa kwanza kufundishwa si punda.

Najua jibu litakalokuja: hayo ni mambo ya wasomi na Wazungu, sisi tunataka burudani. Nasoma shahada ya uzamili, nakubali, lakini hoja hii sikuitoa chuoni. Wasukuma tuna mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyokuwa wapinzani tangu enzi za waganga wawili walioshindana, na hukutana kiangazi baada ya mavuno kugombania umati. Katika utamaduni huo huo wapo Bayeye, wanaocheza na nyoka. Hakuna Muyeye aliyeokota chatu njiani asubuhi akaingia naye uwanjani jioni. Anayeingia katika chama hicho hufundishwa kwanza dawa za sumu ya nyoka na namna ya kumshika mnyama. Wazee wetu walielewa kwamba ukimleta mnyama mbele ya watu, wewe ndiye unayepaswa kuwa umeiva. Tumemheshimu nyoka kwa kiasi hicho kwa sababu anauma. Punda tumemnyima heshima hiyo hiyo kwa sababu anavumilia.

Tuje kwenye kuhukumu, maana mashindano bila kanuni ni vurugu. Watu wanaopanda farasi safari ndefu wameshalifikiria jambo hili kwa miongo mingi. Huko California, Marekani, kuna mbio za Tevis Cup, zilizoanza mwaka 1955, za maili 100 milimani ndani ya saa 24. Wa kwanza kufika hupata kombe lake. Lakini tangu mwaka 1964 kuna kombe la pili, Haggin Cup, ambalo hupewa farasi aliye katika hali bora zaidi kati ya kumi wa kwanza waliomaliza. Katika mbio za namna hiyo madaktari wa mifugo huwasimamisha farasi njiani, na kwa kawaida mapigo ya moyo yakikataa kushuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, safari imeishia hapo, hata kama mpandaji ndiye aliyekuwa anaongoza.

Hatuhitaji mashine kufanya hivyo Ngokolo. Mapigo ya punda yanahesabika kwa vidole viwili chini ya taya na saa ya simu. Punda aliyetulia ana mapigo karibu 44. Apimwe kabla ya kuanza na dakika kumi baada ya kumaliza. Aliyerudi kwenye utulivu wake apate alama nyingi. Ambaye bado anahema asipate kitu. Nusu ya alama zote zitolewe kabla mkokoteni haujasogea: mgongo, kifua, kwato, macho, jinsi anavyomkaribia mwendeshaji wake. Mwenye kidonda chini ya mkanda asishiriki, bali apewe dawa na ushauri, akaribishwe msimu ujao bila kuchekwa. Fimbo ikionekana mkononi, mshiriki atoke. Mwendo upimwe mwisho, kwa alama chache, kwa ajili ya wanaopenda saa.

Wanasema watazamaji watachoka. Sidhani. Watu wa mji huu wanaweza kusimama saa nzima wakimtazama fundi akiunganisha gurudumu la baiskeli. Wanajua kazi nzuri wakiiona. Mpe mama wa Ngokolo nafasi ya kumtazama kijana akipitisha mkokoteni wenye ndoo za maji zilizojaa katikati ya vigingi, bila tone kumwagika, punda akiwa ameelekeza masikio mbele, halafu umwulize kama amechoka.

Wanasema pia hakuna fedha. Lakini hesabu hiyo inageuka ukiitazama vizuri. Mbio za mwezi ujao zinahitaji jukwaa, spika, fulana na mdhamini. Maandalizi ya miezi sita yanahitaji kamba, mabaki ya blanketi kuukuu, tupa ya kusawazisha kwato, siku chache za afisa mifugo na wazee watatu wenye subira. Kilichokosekana ni uvumilivu wa kufanya jambo ambalo halina picha ya kurusha mtandaoni mpaka mwezi wa sita.

Basi ombi langu kwa vijana wenzangu ni hili. Futeni tarehe ya mwezi ujao. Wekeni nyingine, kiangazi cha mwakani baada ya mavuno. Kila anayetaka kushiriki ajiandikishe sasa, pamoja na jina la punda wake, na kama punda hana jina ampe leo. Kila mwezi washiriki wakutane mara moja, wazee wakiwapo, punda wakaguliwe mgongo mbele ya wote. Asiyehudhuria mikutano minne asiingie uwanjani, hata akiwa na punda mwenye kasi kuliko wote mkoani.

Wapo watakaoondoka wakisikia masharti hayo. Waondoke. Watakaobaki wakiwa kumi tu, tutakuwa na punda kumi wasio na vidonda katika mji uliokuwa unawachinja kwa ajili ya ngozi. Kwa mashindano ya kwanza, hiyo inatosha kabisa.